Uwanja Mzuri, Lakini Wenyewe Wako Wapi?

Jina la San Marco si geni kwa watu wa pwani. Wavuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wamelizoea tangu miaka ile ya sitini Wataliani walipokuja kusimamisha jukwaa baharini, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Uwanja wenye jina hilo hilo uko Venice, kwao Italia, na ndio niutakao leo.

Nimeuzuru, na nasema bila ya kuuma maneno: ni mzuri. Mbele yako kanisa lenye kuba tano, ambazo mtu akifumba jicho moja atadhani amefika Istanbul. Kulia kwake mnara wa kengele, urefu wake karibu mita 99. Mnara huo uliporomoka wote tarehe 14 Julai 1902, asife mtu ila paka wa mlinzi, nao wakaujenga tena pale pale, kwa sura ile ile, ukamalizika 1912. Hilo nililipenda. Sisi ukuta wa jamaa ukianguka, siku ya pili pameota duka la matofali ya saruji.

Lakini Mwislamu akitazama vizuri ataona kuwa uwanja huu umepambwa kwa mali za watu. Wenyeji husimulia, tena kwa fahari, kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wao wawili waliuiba mwili wa Marko huko Iskandaria, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe. Maofisa wa forodha, Waislamu, walipofunua walirudi nyuma wakipiga ukelele. Neno walilolisema limeandikwa katika picha za vijiwe ndani ya kanisa, kwa herufi za Kilatini: kanzir. Mtoto yeyote wa chuoni kwetu angelijua bila ya kuambiwa. Na wale farasi wanne wa shaba wanaosifiwa duniani waliporwa Konstantinopoli mwaka 1204, Wakristo wakiwapora Wakristo wenzao. Napoleon akaja 1797 akawachukua yeye hadi Paris, walirudi 1815. Wanaosimama nje siku hizi ni nakala, wenyewe wamewekwa ndani.

Kuna na yale yaliyokopwa kwa heri, ambayo wenye kutembeza wageni hawayataji. Jumba lililokuwa likipigwa sarafu, hapo hapo kando ya uwanja, huitwa Zecca. Ni sikka ya Waarabu. Mahali pa kuundia merikebu huitwa Arsenale. Ni dar as-sinaa. Mkahawa wa Florian, uliofunguliwa 1720, usingekuwapo lau si buni ya Yemen. Haya si ya kuwasimanga. Biashara ndivyo ilivyo, na sisi pia bibi zetu walivaa shanga za vioo zilizotoka Venice bila ya kuuliza nani kazitengeneza.

Lililonikaa moyoni ni jingine. Katika maelfu waliojaa uwanjani mchana kutwa, niliwatafuta wenyewe nisiwaone. Mwaka 1951 mji ule wa kale ulikuwa na watu kama 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto duka moja la dawa liliweka dirishani, tangu 2008, kibao cha kuhesabu waliobaki. Bahari nayo hupanda: tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194, na Novemba 2019 yakafika 187. Lakini kwa bahari wamepata dawa, milango 78 ya chuma inayoinuliwa kuzuia maji, iliyoanza kazi Oktoba 2020. Kwa nyumba zilizogeuzwa vyumba vya wageni hawajapata dawa. Tangu 2024 mgeni wa kutwa hulipa yuro 5 au zaidi katika siku zilizotajwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni kukata tikiti mlangoni, kama kwamba mji umekwisha kuwa makumbusho.

Ndiyo maana naitazama Lamu kwa hofu. UNESCO iliiingiza Venice katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, Lamu 2001. Sheria zetu zinalinda milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe, na hilo ni jema. Lakini aliyelala nyuma ya mlango huo hakuna anayemlinda. Shela nyumba nyingi zimekwisha kwenda kwa wageni, na mwenye kuuza simlaumu, kwani ada ya shule hailipwi kwa nakshi. Ninaowalaumu ni wakubwa, ambao kwa maoni yangu hawajafikiri vya kutosha mkopo au msaada wa kumwezesha mwenye nyumba kuikarabati abaki ndani na wanawe.

Ningependa kibao kama kile cha duka la dawa kiwekwe Mkunguni, mbele ya Ngome, kihesabu wenyeji waliobaki katika mitaa ya zamani. Kiwekwe palipo na wazee na vikombe vyao vya kahawa, wakisome kila jioni wanapongoja adhana ya magharibi.