Mlima Wetu Hauna Picha

Wanachama wenzangu, hebu tazameni kalenda za madukani: simba wa Mara, ndovu wa Amboseli na Kilimanjaro nyuma yao. Mlima Londiani uko wapi? Eti huku hakuna wanyama! Mbega huwaona nikija shule. Bongo wa milimani sijamwona, wala si ajabu, kwani mwituni wamebaki chini ya 100, wote hapa Kenya. Huko Mau watafiti hufunga kamera mitini, zinajifyatua zenyewe mnyama akipita. Bila picha hizo nani angeamini bado yupo?

Basi mimi nasema pesa za safari ya Nakuru zinunue kamera kama hiyo, tuombe ruhusa ya walinzi wa msitu, tuifunge mlimani kwetu. Najua kidato cha nne watanizomea. Jameni, hata mimi Nakuru sijafika!