Siku 14 za Ukimya Wetu

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baada ya Swala ya Ijumaa ya mwezi uliopita, katika msikiti mmoja wa kisiwa hiki cha Mombasa, watu walisimama uani wakipaza sauti. Nyumba ya jirani ilikuwa imevunjwa, na mashimo ya msingi yalikuwa yamechimbwa hatua chache tu kutoka kisima cha msikiti. Ikabainika kwamba serikali ya kaunti imekwisha kutoa kibali: maduka chini, nyumba za kupangisha juu, orofa nane. Wakalaaniwa maafisa wa mipango. Akalaaniwa mwakilishi wa wadi. Mmoja akasema hizi ni njama dhidi ya Uislamu. Nami nikamuuliza mzee mmoja wa kamati: je, tangazo lilibandikwa? Akasema lilibandikwa, kwenye ukuta wa nyumba hiyo hiyo, na likakaa hapo hata mvua ikalichakaza. Nani alilisoma? Hakuna aliyejibu. Na mwenye kujenga ni nani? Hapo sauti zikashuka, kwa kuwa mwenye kujenga ni Muislamu, huswali safu ya kwanza, na zulia tunalosujudia juu yake alilinunua yeye.

Sikuandika haya ili kuwatetea maafisa. Anayepokea hongo apitishe ramani amekula haramu, na anayeitoa ni mwenzake katika laana, kwani Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili. Suratul-Baqara, aya ya 188, imekataza mali zisipelekwe kwa mahakimu ili watu wale haki za wenzao kwa dhulma. Na makosa ya wenye mamlaka tunayaona. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na anayetaka kujenga humo hupaswa kupitia pia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Pita leo katika vichochoro vyake uhesabu mwenyewe majengo mapya yanayozitazama nyua za majirani kutoka juu. Mwaka 2013 baraza la manispaa liliondoka na mamlaka ya mipango yakaingia mikononi mwa kaunti. Tukaambiwa kwamba sasa maamuzi yamesogea karibu na wananchi. Ni kweli yamesogea. Lakini sisi wananchi hatukusogea.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuomba kibali aujulishe umma, na umma unaitwa ulete pingamizi zake mbele ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Matangazo ya kubadilisha matumizi ya kiwanja kwa kawaida hutoa siku 14. Uamuzi ukishatolewa, yeyote aliyeguswa ana siku 14 nyingine za kukata rufaa katika kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti, na kutoka huko anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wako waliokimbilia mahakamani moja kwa moja, wakatumia fedha za wakili, kisha wakarudishwa kwa kuwa hawakuanzia kwenye kamati. Wako pia wanaokwenda kwa Kadhi. Kadhi, Mwenyezi Mungu amhifadhi, kikatiba anahukumu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Suala la orofa ngapi zijengwe wapi halifiki mezani pake.

Na katika sheria hiyo hiyo mna jambo la ajabu, nalo ni kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Basi fikirieni, enyi ndugu. Afisa akinyamaza, jengo limepita. Jirani akinyamaza, jengo limepita. Na aliyejenga pasina kibali kabisa akikamatwa, faini haizidi shilingi 500,000 na kifungo hakizidi miezi miwili. Kwa mtu anayesimamisha orofa nane, faini hiyo ni kodi ya duka moja.

Sasa tuje kwenye hoja mbili ambazo zimetuziba midomo.

Ya kwanza ni kwamba kumpinga Muislamu mwenzako mbele ya serikali ni fitna na husuda. Nimeisikia hoja hii juu ya mimbari, tena kutoka kwa khatibu ninayemheshimu, na ninamwambia kwa adabu kwamba amekosea. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama utatuangukia sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu, na haikumvua tajiri wala fakiri. Ingekuwa jengo lile ni la baa, mimbari zote za mtaa zingetetemeka, na barua ingefika kaunti siku ya tatu ikiwa na sahihi mia mbili. Tumewahi kuliona hilo, na tulifanya vyema. Lakini maji taka yanayopenya ndani ya kisima hayaulizi mwenye shimo anaswali wapi. Ukimpinga asiye Muislamu kwa jambo ambalo Muislamu mwenzako unamnyamazia, hukuitetea dini hapo. Umetetea ukoo.

Hoja ya pili ina sura ya elimu: ardhi ni yake, mali ni yake, afanye atakalo, na hii, wanasema, ndiyo kauli ya Imam Shafi, madhehebu ya mwambao wetu tangu enzi za mababu. Wanaosema hivi wana kitu mkononi, sikatai. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, mlango wa kuhuisha ardhi, anaeleza kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na kwamba kwa kauli sahihi zaidi yafaa mtu aigeuze nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, au duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Hili, wasomaji wangu, ndilo lile lile ambalo kaunti inaliita kubadilisha matumizi. Hapo wenye hoja hufunga kitabu.

Wangeyamalizia maneno. Nawawi ameweka sharti: achukue tahadhari na azijenge kuta kwa uimara. Naye akasema pia kwamba mwenye kuivuka ada hudhamini anachokiharibu. Ni ada gani ya mtaa huu inayojua orofa nane juu ya shimo moja la maji taka? Na kuta imara ni zipi? Tarehe 29 Aprili 2016, huko Huruma, Nairobi, jengo la nyumba za kupangisha lilianguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 50, na wenye mamlaka walikuwa wamekwisha kulijua kuwa ni hatari. Hata kwa kauli iliyo pana zaidi kwa mwenye milki, mjenzi wa namna hiyo hana pa kujificha.

Tena hiyo siyo kauli pekee. Wanachuoni wa Kimaliki na wa Kihanbali walimzuia mwenye milki asitumie milki yake kumdhuru jirani, nao wamejengea juu ya katazo la Mtume (S.A.W.) la kudhuru na kudhuriana. Mahanafi wa zama za baadaye waliirudia njia hiyo, na ikaandikwa katika Majalla, kanuni za dola ya Uthmania zilizokamilika mwaka 1876. Nawaomba vijana wanaosoma Kiarabu wazitazame kanuni za 1197 hadi 1212, kwani utadhani ziliandikwa kwa ajili ya mtaa wetu. Dirisha linalotazama mahali pa wanawake, kama vile jikoni, kisimani na uani, ni madhara makubwa (dharar faahish), na mwenye dirisha huamrishwa aweke kizuizi. Shimo la uchafu lililochimbwa karibu na kisima cha mtu hata maji yakaharibika, ni lazima madhara yake yaondolewe. Lakini kumzibia mtu upepo, jua au mandhari hakumo katika madhara hayo, isipokuwa chumba kikikosa mwanga kabisa hata mtu asiweze kusoma.

Utaona, basi, kwamba fiqhi haikumpa jirani kila alitakalo. Nasi tumezoea kupinga kwa lisilo na hoja na kunyamazia lenye hoja. Nimeonyeshwa barua ya pingamizi iliyoandikwa na watu wa mtaa fulani. Ilianza na upepo wa bahari. Ikafuata kwamba wapangaji watakuwa watu wa bara. Kisima hakikutajwa. Hii ni aibu. Watu wanahitaji nyumba. Kijana anayeoa leo halipati hata chumba kimoja kwa kodi anayoiweza, na kabila la mpangaji si madhara kwa yeyote. Mwenye duka naye anayeandika pingamizi kwa kuwa duka jipya litampunguzia wateja, amekwenda kuomba riziki kwa afisa wa mipango. Na mbaya kuliko hao wote ni yule anayeandika pingamizi ili aitwe pembeni apewe bahasha, kisha aondoe sahihi yake. Huyu ameuza kisima cha majirani zake, na jina lake mtaani linajulikana.

Yapo pia yanayotupasa sisi kumvumilia jirani. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumzuia jirani yake asiegemeze mti katika ukuta wake. Vumbi la ujenzi na kelele za mchana ni katika hayo.

Nimeliacha la kamati zetu mwisho, kwa kuwa ndilo zito. Tunawezaje kusimama mbele ya kaunti ilhali misikiti yetu yenyewe imejenga vibanda vya kupangisha hadi ukingoni mwa barabara, bila ramani, bila kibali, kwa hoja kwamba kodi ni ya nyumba ya Mwenyezi Mungu? Wakf ni jambo jema, na duka la wakf linalolipia maji, umeme na posho ya muadhini ni sadaka inayoendelea. Lakini barabara haikuwa ya mwekaji wakf hata aitoe. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), alipoeleza kazi za muhtasib katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, ametaja kwamba waliojenga katika njia ya watu huzuiwa, hata njia iwe pana, na walichokijenga huvunjwa, hata kikiwa ni msikiti, kwa kuwa njia imewekwa kwa ajili ya kupita. Akiwa ameusema hivyo msikiti wenyewe, kibanda cha kuuzia simu kilichoegemezwa kwenye ukuta wa msikiti kina kinga gani? Mwaka jana tulitoa jeneza katika kichochoro cha namna hiyo. Wabebaji hawakuweza kupita wawili wawili; ikabidi linyanyuliwe juu ya vichwa na kulazwa ubavu, na mtoto wa marehemu anatazama. Kodi ya vibanda vile husomwa kila mwezi katika hesabu za msikiti, na watu huitikia alhamdulillah.

Kamati yenye vibanda vya aina hiyo ianze kuviondoa yenyewe kabla haijaandika barua kuhusu jengo la mtu mwingine. Na kila kamati iteue mtu mmoja, kijana anayejua kusoma ramani ikiwezekana, ambaye kazi yake itakuwa kupita mtaani kila wiki na kusoma yaliyobandikwa, ayalete yasomwe baada ya swala kama tunavyosoma matangazo ya maziko. Ukimwona mwenye kujenga, mwendee kwanza wewe mwenyewe, kwa salamu na kwa siri, umweleze madhara. Akiyaondoa, yamekwisha. Asipoyaondoa, andika ndani ya muda, taja madhara yanayopimika, yaani umbali wa shimo na kisima, upande wa madirisha, upana wa njia iliyobaki, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Juzi limebandikwa tangazo jingine, kwenye lango la kiwanja kilicho nyuma ya madrasa yetu. Ni maombi ya kugeuza nyumba ya makazi kuwa maduka na orofa sita za kupangisha. Mwenye kiwanja ni mfadhili wetu. Posho yangu ya miezi miwili iliyopita imetoka mfukoni mwake, na sioni haja ya kulificha hilo. Nilikwenda kwake baada ya Isha nikamweleza habari ya shimo la maji taka na ya madirisha yanayoelekea darasa la wasichana. Alinisikiliza, akanipa kahawa, akasema mhandisi wake atalitazama. Ramani iliyopelekwa kaunti haijabadilika. Barua ya pingamizi imekwisha kuandikwa na iko kwa katibu wa madrasa kila siku baada ya Alasiri hadi Jumatano. Majirani watakaotia sahihi waje na vitambulisho vyao.

Wallaahu a'lam.