Mistari ya Karatasini na Mito ya Rufiji

Imezuka desturi katika vyuo vikuu ya kuichora dunia kwa nukta na mistari. Bandari ni nukta, safari ni mstari, na mji wenye mistari mingi huhesabiwa kuwa ndio mkuu. Elimu hii ina nasaba tukufu: ilianza mwaka 1736, Euler alipothibitisha kwamba haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya Königsberg, kila moja mara moja tu. Aghalabu wanaoitumia hawakumbuki kwamba manowari ya Kijerumani yenye jina la mji huo huo ilijificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914. Waingereza walikuwa na ramani, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupenya mle. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, zenye kuelea katika maji haba, ndipo ilipoangamizwa Julai 1915.

Ramani ilikuwa na mistari. Haikuwa na maji. Mkondo upitishao jahazi wakati wa bamvua huwa tope tupu wakati wa maji mafu, na mkata boriti katika mikoko hulijua hilo kabla hajashika shoka. Mchora mitandao halijui. Huunganisha Kilwa na Aden kwa mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba upepo huvuma upande wowote siku yoyote. Mfanyabiashara alikuja na kaskazi, akarudi na kusi. Baina ya pepo hizo alikaa miezi, akakopesha, akaoa, akasali, akafundisha. Kungoja huko hakumo katika mchoro, na miji ya pwani ilikua kwa kungoja huko.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la wale wanaojidai kuwapinga wachora mistari. Hao wameigawa pwani kama nyama: mwanahistoria wa dini achukue hija, mwanauchumi achukue dhahabu na boriti, mchimba mambo ya kale achukue shanga. Ibn Battuta, aliyekwisha kuhiji, alitoka Mombasa akafika Kilwa mwaka 1331. Kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliwakuta masharifu wa Hijazi, na Sultani huyo alikuwa akiwatengea fungu katika khumusi ya ngawira. Je, hiyo ni ibada au ni uchumi? Watu waliifuata Kaaba kaskazini, na mali ikawavuta watu wa Hijazi kusini, kwa bahari ile ile na kwa pepo zile zile. Anayeligawa jambo hilo mafungu mawili hubaki na mafungu mawili yasiyo na maana.

Shanga nazo zimeonewa. Mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za Kirumi zilizopatikana Mkukutu, katika Kibiti. Wino mwingi ukamwagwa kubishania jina: Rhapta ya Wayunani ilikuwa hapa au kwingine? Lakini shanga haina miguu. Ilipanda kutoka baharini kwa mkondo gani, mikononi mwa nani, ikabadilishwa kwa kitu gani? Wa kuulizwa kwanza habari za mikondo ni manahodha wa Nyamisati na wapiga kasia wa delta, nao katika vitabu vya wasomi huandikwa mwishoni, pasipo jina, katika orodha ya waliobeba mizigo.