Dirisha la Chumba cha Watoto



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kuzungumza na wazazi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni kioo cha dirisha.

Tulipokuwa ziarani Migori na Homa Bay tulifikia kwa ndugu zetu katika imani. Mchana upepo wa ziwani hupanda bara na kukutana na pepo za mashariki, na jioni radi hunguruma. Siku ile ilishuka mvua ya mawe, dirisha la chumba cha watoto likapasuka. Vipande vikali kama visu vilitapakaa juu ya godoro ambalo mtoto alikuwa ameliacha punde kwenda kutawadha kwa ajili ya Maghrib. Mama yake alilia, kisha akashukuru, nasi tukashukuru naye. Baadaye akatwambia kwa sauti ya chini kwamba aliomba kioo kile kibadilishwe tangu mwaka uliopita, ila fedha zikaenda kwenye zulia la sebuleni.

Enyi wazazi, salama ya leo si hoja ya kughafilika kesho. Mtume alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha ategemee kwa Mola. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, watu walisikia mshindo wa kwanza wakakimbilia madirishani. Bomu lilipolipuka, wengi walipoteza macho yao kwa vioo.

Kioo cha kawaida huvunjika vipande vyenye ncha. Kilichopashwa moto na kupozwa kwa ghafla huwa kigumu zaidi, na kikivunjika huwa punje butu. Lakini hakikatiki tena, basi vipimo vichukuliwe mapema. Kilicho bora kwa dhoruba ni kile cha mabamba mawili yaliyogandishwa kwa utando wa plastiki, mfano wa kioo cha mbele cha gari: kikipasuka, vipande hubaki vimeshikamana. Hata hivyo, kioo imara katika fremu iliyolegea hakina faida, kwani upepo huling'oa dirisha zima. Fundi aikaze fremu ukutani barabara. Na penye grili, liwepo dirisha moja linalofunguka kwa ndani, moto usije ukawafungia watu.

Asiyeweza yote aanze na chumba cha watoto. Asiyeweza hata hicho, asogeze kitanda mbali na dirisha na afunge mbao za nje, kama wazee wetu wa mwambao walivyofunga madirisha yao ya mbao kabla ya dhoruba.

Nanyi akina baba, mama wa nyumba anaposema jambo la usalama, msikilizeni mara ya kwanza. Watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.

Wabillahi tawfiq.