Udhuru wa Nafasi

Hapana udhuru unaotolewa kwa wepesi na kupokewa kwa heshima katika nyumba za wasomi kama huu: sina nafasi. Mdeni akisema hana fedha, huulizwa mshahara wake umekwenda wapi. Lakini msomi akisema hana nafasi, wasikilizaji humhurumia kana kwamba ametaja ugonjwa. Katika makala haya nataka kuushitaki udhuru huo. Jambo nitakalolitumia kuwa mfano ni dogo, nalo ni kujifunza gitaa kwa mtu mzima mwenye kazi na jamaa. Nimelichagua kwa sababu nalijua kwa vidole vyangu, tena kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mwongo katika jambo hili kwa muda wa miaka tisa.

Nilinunua gitaa mwaka mmoja kabla ya kuanza utafiti wa shahada ya udaktari. Nikasema nitalipiga nitakapomaliza tasinifu. Tasinifu ikaisha, nikapata kazi ya kufundisha. Nikasema nitalipiga nitakapoizoea kazi. Kazi nikaizoea, watoto wakaja. Nikasema nitalipiga watakapokua. Gitaa likakaa juu ya kabati katika mfuko wake, nyuzi zikaota kutu, na kila mgeni aliyeliona akauliza kama mimi ni mpigaji. Nilijibu kuwa ni mpigaji, ila sina nafasi. Jibu hilo lilikuwa na uongo mara mbili. Sikuwa mpigaji, wala nafasi haikunikosa. Jioni nyingi nilikaa na simu mkononi nikisoma mabishano ya watu nisiowajua mpaka macho yakauma.

Wanaoutetea udhuru huu wana hoja tatu, na kila moja inastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni ya umri. Wasema samaki hukunjwa angali mbichi, na aliyefika miaka arobaini amekwisha kauka. Mithali hiyo ni ya kweli mahali pake, napo ni katika malezi ya tabia za watoto. Haikutungwa ili mtu mzima apate pahali pa kujificha. Hao hao wanaoitaja wamejifunza kuendesha gari wakiwa na mvi, na wengine wamejifunza lugha za kigeni baada ya kuoa. Mkono wa mtu mzima ni mzito, sikatai. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilinikaidi miezi mitatu kabla ya kukubali kusimama peke yake juu ya uzi. Lakini mtu mzima ana kitu ambacho kijana hana: aijua thamani ya nusu saa, kwa kuwa amekwisha poteza nyingi.

Hoja ya pili ni ya hesabu. Twaambiwa kuwa ustadi wa chombo hutaka saa 10,000, na mwenye kazi na watoto hawezi kuzipata. Basi bora asianze. Hesabu hii ina asili yake. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenziwe wawili walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Waliona kuwa wale waliokuwa bora kabisa walikwisha fanya mazoezi ya wastani wa saa zipatazo 10,000 walipotimiza umri wa miaka 20. Mwaka 2008 Malcolm Gladwell aliieneza hesabu hiyo katika kitabu kilichosomwa na watu wengi, na kutoka hapo ikageuka sheria midomoni mwa watu. Tazama jinsi wastani wa vijana waliotaka kula kwa fidla ulivyofanywa kufuli la kumfungia nje mtu anayetaka tu kupiga wimbo mmoja vizuri sebuleni mwake.

Uchunguzi ule ule una neno jingine ambalo wapenda udhuru hawalitaji. Wapigaji bora wale hawakupiga mfululizo kutwa; waligawa mazoezi yao, wakapumzika katikati, hata wakalala mchana. Zamani kabla yao, mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha, kwa kujijaribu mwenyewe, ya kuwa jambo linalorudiwa kwa siku mbalimbali hushikwa na akili kuliko linalorundikwa siku moja. Wahenga wetu walikwisha sema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Basi na tufanye hesabu yetu wenyewe. Nusu saa kwa siku 6 ni saa 3 kwa wiki. Tuondoe wiki 12 katika mwaka kwa ajili ya mitihani, maradhi, misiba na safari; zabaki wiki 40, nazo ni saa 120. Kwa miaka 10 ni saa 1,200. Si 10,000, na sitazungumza kama kwamba ni hizo. Lakini yule aliyengoja astaafu, baada ya miaka 10 hiyo hiyo ana sifuri, na vidole vyake vimezeeka kwa miaka 10 zaidi.

Hoja ya tatu ni ya cheo. Mwenzangu mmoja alipojua kuwa nimeanza kujifunza, aliniuliza mtu mwenye udaktari anatafuta nini katika vyombo vya dansi. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo una mizizi. Kazi zetu hupimwa kwa makala tulizochapisha, na lisiloandikwa katika fomu ya mwaka huhesabiwa kuwa uvivu. Ajabu ni kwamba sisi wenye kusema hivi ndio tunaowafundisha vijana mizani na vina vya mashairi ambayo watunzi wake waliyatunga yaimbwe. Twahesabu mizani ubaoni kama karani anavyohesabu magunia, na wengi wetu hatuwezi kupiga makofi kwa kufuata mwendo wa wimbo mmoja mpaka mwisho.

Na hilo gitaa linalodharauliwa, nani alilikuza katika lugha yetu? Halikukuzwa na watu waliokaa bure. Katika miji ya migodi ya Katanga lilikua mikononi mwa watu waliotoka vijijini kutafuta mshahara. Huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, na nyimbo zake za Kiswahili cha Katanga zikafika Nairobi na kuwafundisha wapigaji wa Kenya. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na shahada hiyo haitolewi na baraza la chuo chochote. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alitumika jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Katika Tanzania, bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake waliajiriwa na chama hicho. Jambo hili la mwisho lafaa kuangaliwa vema. Wafanyakazi wenyewe waliona ya kuwa muziki ni kazi ihitajiyo saa zake, wakazitenga saa hizo na kuzilipia. Hawakumwambia mpigaji ajifiche na chombo chake mpaka atakapostaafu.

Hoja tatu zimejibiwa, na hapa ningeweza kuweka kalamu chini nikajiona mshindi. Lakini liko swali la nne, nalo halikuulizwa na adui wa gitaa. Liliulizwa na mke wangu.

Nilipoacha uongo wangu na kuanza mazoezi, nilichagua saa mbili usiku. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga nusu saa kila siku, na moyo wangu ukafurahi kwa kuwa hatimaye nimepata nafasi. Baada ya wiki tatu mke wangu, ambaye ni mwalimu na hurudi nyumbani amechoka kama mimi, aliniuliza kwa upole: “Baba Zuhura, hiyo nusu saa unayopigia gitaa, umeitoa katika saa zako au katika zangu?”

Sikuwa na jibu. Nilipofikiri niliona kuwa katika nusu saa ile yeye alikuwa ameosha vyombo, amemsikiliza mtoto mmoja akisoma, na amepiga pasi sare za shule za watoto wawili. Kazi hizo hazikukoma kwa sababu mimi nilifunga mlango. Niliyoiita nafasi iliyopatikana ilikuwa mali ya mtu, nami nilikuwa nimeichukua bila ruhusa. Tangu siku ile nimejifunza kuogopa sifa tunazowapa wanaume walioandika vitabu au kupiga vyombo juu ya kazi na jamaa. Kila sifa kama hiyo inapotolewa, na aulizwe mwenye kusifiwa: siku hizo nani alipika?

Huu ndio moyo wa madai yangu. Nafasi haipatikani, hutengwa. Na inayotengwa na mmoja katika nyumba hutoka katika siku ya nyumba nzima, kwa hiyo ni lazima iombwe waziwazi na kulipwa. Asemaye hana nafasi mara nyingi hakuiomba, kwa kuwa aona haya kukiri kuwa anataka jambo lisilo na mshahara. Anyakuaye nafasi kimya kimya hakuiomba pia, kwa kuwa aogopa kuambiwa bei yake. Wawili hawa hudhaniwa kuwa maadui, kumbe ni ndugu.

Tulifanya shauri jipya. Mimi hupiga saa kumi na moja alfajiri, jikoni, kwa gitaa la nyuzi za nailoni lisiloamsha mtu likipigwa kwa ncha za vidole. Dakika tano za kulinganisha nyuzi. Dakika kumi na tano za mahali pamoja pagumu, polepole, nikihesabu. Dakika kumi za wimbo ninaoupenda. Saa kumi na mbili kasorobo huinjika chai na kuwaandaa watoto. Saa mbili usiku vyombo ni vyangu, na nusu saa hiyo ni ya mke wangu. Siku nyingi huitumia kulala. Sina haki ya kumwuliza kwa nini, kama yeye asivyoniuliza kwa nini narudia pigo moja mara arobaini. Ziko wiki ambazo shauri hili huvunjika, mtoto akiugua au mitihani ikijaa mezani. Sugu za vidole hulainika, na wiki inayofuata huanza kwa maumivu. Hayo ni malipo ya kawaida, wala si sababu ya kulirudisha gitaa juu ya kabati.

Kwenu wanafunzi nasema neno moja. Msidanganywe na walimu wenu, nami nikiwamo, ya kuwa iko siku mbele yenu iliyo tupu inayowangojeni. Mimi niliingoja miaka tisa na haikuja. Jambo mlipendalo liombeeni saa yake leo, mlilipie kwa mikono yenu wenyewe, na mwenzenu aliye katika nyumba hiyo hiyo apate saa iliyo sawa na yenu. Asiyetaka kulipa na aseme kweli kuwa hataki. Hilo ni neno la haki, nami nitaliheshimu kuliko udhuru wa nafasi.