Toba ya Mwizi wa Mswada

Kijana mmoja niliyepata kumfunza alinijia majuzi hapa Juja, akaniuliza iwapo naikumbuka The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka wa 1925. Nilifurahi nikidhani amevirejelea vitabu. Kumbe mwanafunzi fulani wa Marekani alikuwa amemwahidi malipo ili amwandikie insha kuhusu ufisadi na toba katika riwaya hiyo, naye aiwasilishe kwa jina lake. Biashara hii si siri tena nchini Kenya.

Kinaya kilioje! Gatsby mwenyewe ni mtu aliyetajirika kwa magendo ya pombe, akaishi kwa jina la kujibunia, akafa bila kutubu. Katika All the King's Men ya Robert Penn Warren (1946), Jack Burden, mtumishi wa gavana Willie Stark, anachimbua siri za watu hadi jaji mmoja anajiua. Baadaye anabaini kuwa jaji huyo alikuwa baba yake mzazi. Burden anajifunza kuyabeba matendo yake, lakini toba yake inabaki moyoni, kwani aliyekufa harudi.

Tuitazame sasa Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyopata kutahiniwa katika shule zetu za upili. Mtemi Nasaba Bora ananyakua mashamba kwa hila, na mwishowe anajitoa uhai. Nduguye, Mwalimu Majisifu, anaiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kama wake, lakini yeye anakiri. Kifo cha Mtemi hakimrejeshei mtu chochote. Kukiri kwa Majisifu kunamrudishia Amani jina lake. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha toba: aliyedhulumiwa amerudishiwa nini?

Yamkini msomaji atasema kwamba muuza insha si mwizi, kwa kuwa ameuza jasho lake kwa hiari, tena katika nchi ambamo shahada haimhakikishii kijana ajira. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, anadhulumiwa mhadhiri anayesahihisha kwa nia njema, na anadhulumiwa kila atakayeiamini shahada hiyo kesho. Zaidi ya wote anadhulumiwa mwandishi mwenyewe, anayezoea kuamini kuwa fikira zake hazistahili kubeba jina lake.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Tumeufunza ufisadi kama orodha ya hoja za kukariri. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Sidhani kwamba walikosa kujua maana ya ufisadi. Badala ya kuwauliza wanafunzi wataje hoja sita, tuwaulize Majisifu alimdai nani msamaha, na kwa nini. Kila insha na itetewe kwa mdomo mbele ya darasa, aliyeinunua hataweza.

Kijana yule nilimsihi aiandike insha hiyo kwa jina lake, aniletee niisome. Hakunijibu. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na Mmarekani alikuwa akingoja.