Gesi isibebeshwe makosa ya gereji

Tangu madereva wa teksi na bajaji wa Dar es Salaam walipoanza kwa wingi kufunga mitungi ya gesi asilia katika vyombo vyao, lawama moja imekuwa ikiifuata nishati hiyo: kwamba gesi inaua injini. Lawama hiyo husafiri pamoja na magari yenyewe, na gari lililobadilishwa Pwani likianza kukatakata kwenye mlima wa Bugando, mwenye gari huambiwa upesi ang'oe mtungi arudie petroli. Ushauri huo ni wa haraka mno, na mara nyingi ni wa uvivu.

Yafaa ikumbukwe ni mali gani inayokataliwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kutoka Mtwara lilifika Dar es Salaam mwaka 2015. Ni mali ya nchi, ilhali petroli yote hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kuiacha kwa sababu ya plagi iliyochakaa ni hasara isiyo na udhuru.

Na kwa kweli plagi ndiyo mahali pa kuanzia. Gesi asilia ni ngumu kuwaka kuliko petroli. Inahitaji cheche kali zaidi. Plagi iliyolika, waya uliopasuka au koili iliyochoka huweza kuvumiliwa na petroli kwa miezi, lakini siku gari linapowashwa kwa gesi, injini humisi, kama mafundi wasemavyo, na hasa inapopanda mlima au asubuhi ya mvua. Hapo gesi haikuharibu kitu. Imefichua ubovu uliokuwapo. Fundi mwangalifu hulirudisha gari kwenye petroli kwanza: likiendelea kumisi, mfumo wa gesi hauhusiki, likitulia, ataanza na plagi na nyaya kabla hajagusa bomba lolote la gesi, kisha ataangalia chujio la hewa, chujio la gesi na nozeli zake.

Kipo kifaa kingine kisichofahamika vya kutosha. Gesi hukaa mtungini kwa mgandamizo wa karibu baa 200, wakati tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na kitu. Kabla ya kuingia katika injini, hupita kwenye regyuleta inayopunguza nguvu hiyo, na gesi inapopanuka hupoa sana. Ndiyo maana regyuleta hupashwa moto na maji ya rejeta, na ndiyo maana gari huwaka kwa petroli hadi maji yapate joto, kisha likahamia gesi lenyewe. Maji yakipungua, regyuleta huganda na injini huzimika njiani. Dereva aliyezoea kuongeza maji baada ya gari kuchemka atalaumu gesi. Kosa ni la ndoo ya maji ambayo hakuijaza asubuhi.

Lakini kwa watu wa Kanda ya Ziwa, tatizo kubwa zaidi lipo upande ambao hakuna anayeutazama, yaani upande wa petroli. Bomba la gesi halifiki Ziwa Victoria. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100, na sehemu kubwa ya safari hiyo gari lililobadilishwa hutembea kwa petroli. Dereva wa mjini aliyeonja unafuu wa gesi huacha tangi la petroli karibu likauke. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyo hiyo. Ikizunguka katika tangi tupu huungua. Petroli iliyolala kwa miezi huacha utando katika nozeli. Basi siku ya safari gari hukwama, na mtungi wa gesi usio na hatia husutwa tena.

Liko pia jambo la mwinuko. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na kwa sababu hiyo pekee injini isiyo na taboo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Gesi hupunguza sehemu nyingine kama hiyo. Udhaifu huo mlimani si ugonjwa, na hakuna gereji itakayoutibu. Ila gari lenye mfumo wa zamani usiotumia kompyuta, ambalo mchanganyiko wake wa gesi na hewa ulipimwa Pwani, linapaswa kupimwa upya likifika huku, la sivyo litakula gesi bure.

Kuhusu kuvuja, hapana mjadala: harufu ikisikika, gari lizimwe, valvu ya mtungi ifungwe, na viungo vipakwe povu la sabuni. Anayetafuta uvujaji kwa kiberiti asiruhusiwe kukaribia gari.

Serikali inayo mahali pa kuanzia. Magari ya umma hutengenezwa na TEMESA. Katika daftari la safari la kila gari lililobadilishwa paongezwe safu mbili, moja ya kilometa za gesi na moja ya kilometa za petroli, ili afisa usafirishaji ajue ni upande gani uliolala muda mrefu. DIT, chuo kilichokwisha kubadilisha magari mengi Dar es Salaam, kina kampasi Mwanza. Mafundi wa gereji za Nyakato, Igoma na Usagara waitwe hapo sasa, pamoja na vijana wa VETA, wafundishwe regyuleta na nozeli za gesi kabla magari hayajawa mengi.